Nusu Marathoni kwa Mwendo wa Mchakamchaka

Waongozaji wanaowapandisha wageni Mlima Kilimanjaro wana neno moja ambalo kila mgeni hulijua kabla ya kufika kituo cha kwanza: pole pole. Hawalisemi kwa adabu tu. Wamekwisha kuona vijana wenye miguu yenye nguvu wakiteremshwa kwa machela, na wazee wenye subira wakifika kileleni. Mwili unaoharakishwa kupita uwezo wake hudai malipo, na mara nyingi huyadai mahali ambapo msaada uko mbali.

Chini ya mlima huohuo, mjini Moshi, kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi hufanyika mbio za Kilimanjaro Marathon. Washiriki wengi huchagua nusu marathoni, yaani kilomita 21.1. Njia yake hupanda taratibu kuelekea Mweka, ikipita katikati ya makazi ya watu na mashamba ya migomba na kahawa, kisha hugeuka na kuteremka kurudi mjini. Wanariadha wa mbele humaliza kwa muda wa saa moja na dakika chache. Nyuma yao hufuata walimu, makarani, wafanyabiashara, wanafunzi, wauguzi na wastaafu. Hao wa nyuma ndio wanaohusika na makala haya.

Wengi wao hawana upungufu wa nia. Kosa lao hutendeka katika kilomita tatu za mwanzo. Ishara ya kuanza inapotolewa, umati hutimka. Mtu aliyejizoeza kukimbia kilomita moja kwa dakika tisa hujikuta akiikimbia kwa dakika sita, kwa kuwa tu jirani yake anafanya hivyo. Ifikapo kilomita ya nane, mwinuko ukiwa bado unaendelea, mapaja yamekaza, pumzi imekatika na furaha imetoweka. Baadhi hujikokota hadi mwisho na kuapa kutorudia tena. Wachache huishia katika hema la huduma ya kwanza.

Swali linaloletwa kliniki

Mfikirie mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 52. Huu ni mwaka wa tatu tangu aanze kutumia dawa za shinikizo la juu la damu. Walimu wenzake wamejiandikisha kushiriki nusu marathoni, naye anatamani kuwa miongoni mwao. Siku ya kliniki, baada ya kupimwa na kupewa dawa zake, anauliza kwa sauti ya chini: "Daktari, na mimi naruhusiwa kukimbia?"

Katika vituo vingi vya afya, swali hilo hupata mojawapo ya majibu mawili. La kwanza ni hili: "Mwalimu, kwa umri huu na presha hiyo, mbio za nini tena? Wewe tembeatembea tu nyumbani." La pili hutolewa kwa tabasamu: "Kimbia tu, mama. Mazoezi ni afya."

Majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza linamwondolea mgonjwa tiba yenye manufaa yaliyothibitishwa. Mazoezi ya mara kwa mara ya kutumia pumzi, kama vile kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli na kukimbia taratibu, hupunguza shinikizo la juu la damu la systoli kwa takriban milimita 5 hadi 8 za zebaki kwa mtu mwenye ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na pendekezo hilo linawahusu pia watu wanaoishi na shinikizo la juu la damu, kisukari na virusi vya UKIMWI. Jibu la pili nalo linafanana na kumpa mgonjwa dawa bila kumweleza kipimo chake. Anachohitaji mwalimu yule ni kuambiwa akimbie kwa mwendo gani, aufikie umbali huo kwa hatua zipi, na ni dalili gani zikimpata asimame.

Kipimo kilichomo katika wimbo

Karibu kila aliyesoma shule nchini Tanzania anaufahamu mchakamchaka. Wanafunzi hupangwa mistari, kiongozi huanzisha wimbo, wenzake huitikia, na kundi zima hukimbia kwa kufuata mapigo ya wimbo huo. Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa hufanya vivyo hivyo, na siku hizi vikundi vya jogingi mitaani vimeurithi utamaduni huo. Kwa macho ya mtaalamu wa moyo, desturi hiyo ina siri moja muhimu: haiwezekani kuimba huku ukikimbia kupita kiasi. Wimbo huwa breki ya kundi. Asiyeweza tena kuitikia hujulikana mara moja kwa jirani yake, na mwendo hupunguzwa.

Sayansi ya mazoezi hutumia kanuni hiyohiyo kwa jina la kipimo cha mazungumzo. Mkimbiaji anayeweza kuimba ubeti mzima bila kukatisha yuko katika mwendo mwepesi. Anayeweza kuzungumza sentensi nzima, lakini wimbo ukamshinda, yuko katika nguvu ya wastani. Anayejibu kwa neno mojamoja huku akihema amekwisha kuvuka mpaka. Nusu marathoni ya burudani hukimbiwa katika ngazi mbili za mwanzo, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wapo wanaopendelea kuhesabu mapigo ya moyo. Kwa makadirio ya kawaida, kiwango cha juu cha mapigo hupatikana kwa kutoa umri katika 220. Nguvu ya wastani ni kati ya asilimia 64 na 76 ya kiwango hicho. Kwa mtu wa miaka 50, hayo ni mapigo 109 hadi 129 kwa dakika. Hata hivyo, makadirio hayo yanaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi, na hayafai kabisa kwa mgonjwa anayetumia dawa za kundi la beta bloka, kama atenololi, bisoprololi au propranololi, kwa kuwa dawa hizo huyazuia mapigo yasipande. Mgonjwa wa namna hiyo akiifuata saa yake anaweza kujichosha kupita kiasi akidhani yuko salama. Kwake yeye, mazungumzo ni kipimo cha kuaminika zaidi kuliko namba.

Kinachotendeka mwilini

Misuli hupata nishati kutokana na vyanzo viwili vikuu: mafuta, na wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni. Akiba ya glaikojeni ya mtu mzima ni takriban gramu 400 hadi 500, sawa na kilokalori 1,600 hadi 2,000. Akiba ya mafuta ni kubwa mno, hata kwa mtu mwembamba. Mwendo ukiwa mwepesi, misuli hupata oksijeni ya kutosha na huchoma sehemu kubwa ya mafuta, ikiitunza glaikojeni. Mwendo ukizidi, glaikojeni hutumika kwa kasi na mkimbiaji huishiwa nguvu ghafla.

Hesabu ni rahisi. Kukimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili katika kila kilomita. Mtu wa kilo 70 atatumia kama kilokalori 1,480 katika kilomita 21.1. Ikiwa sehemu kubwa ya kiasi hicho itatokana na mafuta, atamaliza akiwa bado na akiba. Ikiwa karibu chote kitatokana na glaikojeni, kilomita za mwisho zitakuwa mateso.

Mazoezi mepesi yakirudiwa wiki baada ya wiki huujenga mwili kwa namna isiyoonekana. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hivyo hupiga mara chache zaidi mtu anapopumzika. Mishipa midogo ya damu ndani ya misuli huongezeka. Mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, huongezeka idadi na ukubwa. Kuta za mishipa ya damu hulegea, na insulini hufanya kazi yake vizuri zaidi. Hata wanariadha mashuhuri wanaofanyia mazoezi yao Iten na Eldoret nchini Kenya hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki kwa mwendo mwepesi, na kuiacha kasi kwa siku chache maalumu. Mshiriki wa kawaida mara nyingi hufanya kinyume chake: hukimbia kwa kasi kila anapotoka, kisha huumia au huchoka na kuacha.

Mbio zilizoanza kama tiba

Kukimbia taratibu kwa ajili ya afya kuna uhusiano wa karibu na tiba ya moyo tangu zamani. Mwaka 1962, mjini Auckland, New Zealand, kocha Arthur Lydiard alishiriki kuanzisha klabu ya watu wa kawaida waliokimbia pole pole, wakiwemo wanaume wa makamo waliowahi kuugua moyo. Kocha wa Marekani Bill Bowerman alitembelea huko mwaka huohuo, akaona watu wenye umri mkubwa wakimpita, na aliporudi kwao akashirikiana na daktari wa moyo, W. E. Harris, kuandika kitabu kuhusu jogingi. Mwaka 1973, kundi la wagonjwa waliowahi kupata shambulio la moyo, waliokuwa chini ya uangalizi wa daktari Terence Kavanagh wa Toronto, lilishiriki marathoni ya Boston.

Katika enzi ambayo mgonjwa wa moyo aliambiwa alale na asijichoshe, jambo hilo lilikuwa la kushangaza. Wagonjwa hao walikuwa wamepimwa, wamezoeshwa kwa muda mrefu, na walikimbia kwa mwendo waliopangiwa. Masharti hayo matatu yanabaki kuwa msingi hadi leo.

Hatari ipo, na ina vipimo vyake

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwahusu washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni nchini Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010. Moyo ulisimama ghafla kwa washiriki 59, na 42 kati yao walifariki dunia. Katika marathoni, tukio hilo lilitokea kwa washiriki 1.01 katika kila 100,000. Katika nusu marathoni, kwa 0.27 katika kila 100,000. Wengi walikuwa wanaume, na matukio mengi yalitokea katika robo ya mwisho ya mbio. Waliookolewa kwa kiasi kikubwa ni wale ambao mtu wa karibu alianza kuwabonyeza kifua mara moja.

Takwimu hizo zinatia moyo, lakini zisitumiwe kama hirizi. Katika jamii ambamo watu wengi wenye shinikizo la juu la damu hawajawahi kupimwa, mshiriki anaweza kufika mstari wa kuanzia akiwa na ugonjwa asioujua. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kujiandaa ni kupimwa shinikizo la damu na sukari, na kuulizwa maswali machache: je, amewahi kuhisi maumivu au kubanwa kifua anapofanya kazi ngumu? Amewahi kuzimia akiwa katika mazoezi? Moyo huenda mbio au kuruka mapigo bila sababu? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kutimiza miaka 50? Jibu la ndiyo kwa swali lolote linamhitaji daktari na kipimo cha umeme wa moyo kabla ya viatu vya mbio.

Mwenye shinikizo linalofikia 180/110 au zaidi asikimbie hadi lidhibitiwe. Mwalimu wetu wa miaka 52, ambaye shinikizo lake limetulia chini ya 140/90 na hana dalili yoyote, anaweza kuanza kwa kutembea, akiendelea na dawa zake kama kawaida. Mazoezi hayampi ruhusa ya kuziacha. Kupunguziwa dozi ni uamuzi wa kliniki baada ya vipimo kadhaa.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi yuko katika hatari ya kushuka sukari akiwa njiani, na hata saa kadhaa baadaye, usiku akiwa amelala. Apime kabla ya kuanza. Sukari ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza chakula chenye wanga. Ikiwa zaidi ya 15 na ana ketoni au anajisikia vibaya, aahirishe. Siku zote awe na glukosi, tende au pipi mfukoni, na mwenzake ajue hali yake. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushuka sukari. Wote wakague miguu yao kila baada ya mazoezi, kwa kuwa lengelenge lisilohisiwa linaweza kuwa mwanzo wa kidonda kirefu.

Wenye vinasaba vya selimundu wasiougua wanaweza kukimbia, mradi waanze taratibu, wasikimbie kwa kasi ya ghafla kwenye joto au mwinuko mkali, na wasimame mara misuli inapouma au kuishiwa nguvu isivyo kawaida. Anayeugua selimundu asijiingize katika umbali huu bila ushauri wa daktari wake. Na yeyote mwenye homa, iwe ya malaria au ya mafua, apumzike. Kukimbia wakati mwili unapambana na maambukizi kunaweza kuudhuru moyo.

Wiki kumi na sita

Mtu anayeweza kutembea kwa haraka kwa dakika 30 bila tabu anahitaji takriban wiki 16. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha.

Katika wiki nne za mwanzo, akimbie dakika moja na kutembea dakika mbili, akirudia hivyo kwa nusu saa. Kutembea katikati ya mbio si aibu. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alijulikana zaidi duniani kwa kuwafundisha watu wa kawaida kuchanganya kukimbia na kutembea kwa vipindi vilivyopangwa tangu mwanzo, kabla uchovu haujawalazimisha.

Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane, siku moja ya wiki, kwa kawaida Jumamosi au Jumapili alfajiri, iwe ya safari ndefu: kilomita 6 hadi 9. Kuanzia wiki ya tisa hadi ya kumi na tatu, safari hiyo ipande hadi kilomita 15 au 16, ikiongezwa kilomita moja au moja na nusu kwa wiki, na kila wiki ya nne ipunguzwe ili mwili upate kujijenga. Wiki ya kumi na nne ifike kilomita 17 au 18. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza. Hakuna haja ya kukimbia kilomita 21 kabla ya siku yenyewe. Sababu ya mwendo huu wa haba na haba ni kwamba moyo na mapafu hukomaa mapema kuliko kano, mifupa na maungio. Mwezi wa pili mkimbiaji hujisikia ana pumzi ya kwenda mbali, ilhali muundi wake bado haujawa tayari. Hapo ndipo majeraha mengi huzaliwa.

Mara mbili kwa wiki afanye mazoezi ya kuimarisha misuli: kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi, kunyanyuka kwa vidole vya miguu. Viatu viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Anayenunua viatu vya mtumba atazame nyayo zake. Soli iliyolika upande mmoja itamfundisha mguu wake kukanyaga kama alivyokanyaga mwenye kiatu wa kwanza.

Siku yenyewe

Saa mbili au tatu kabla ya kuanza, mkimbiaji ale chakula alichokizoea: uji, mkate na chai, au ndizi. Siku ya mbio haifai kujaribia kiatu kipya, chakula kipya wala dawa mpya.

Anapoanza, awaache wanaotimka waende zao. Kilomita mbili za mwanzo ziwe za pole kuliko zote. Kwa mwendo wa dakika saba kwa kilomita atamaliza kwa takriban saa 2 na dakika 28. Kwa dakika nane, saa 2 na dakika 49. Kwa dakika tisa, saa 3 na dakika 10. Atazame mapema muda wa mwisho uliowekwa na waandaaji, ili asilazimike kuharakisha njiani. Kwenye mwinuko afupishe hatua au atembee. Kwenye mteremko, ambako wengi hudhani ni pa kupumzika, misuli ya mapaja na magoti hubeba mzigo mkubwa kuliko pengine pote. Hatua ziendelee kuwa fupi na laini.

Kuhusu maji, mkimbiaji wa pole pole ana hatari yake ya pekee ambayo hutajwa mara chache. Kwa kuwa hukaa njiani muda mrefu na hutoka jasho kidogo kuliko wa mbele, anaweza kunywa maji mengi kuliko anayopoteza, na sodiamu ya damu ikashuka. Katika utafiti uliofanywa kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walikuwa na sodiamu pungufu. Miongoni mwa vihatarishi ni kuongezeka uzito wakati wa mbio na kukaa njiani zaidi ya saa nne. Kanuni ni kunywa unaposikia kiu, bila kujilazimisha kumaliza kikombe katika kila meza.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisimezwe kabla ya mbio wala njiani. Figo zinazopokea damu pungufu kwa sababu ya joto na jasho zinaweza kudhurika zikiongezewa dawa hizo, hasa kwa mtu anayetumia pia dawa za shinikizo la damu za kuongeza mkojo au za kundi la enalaprili na losartani.

Kwa wahudumu wa hema la huduma ya kwanza

Anayeanguka baada ya kuvuka mstari wa mwisho mara nyingi ameanguka kwa sababu damu imebaki miguuni alipoacha ghafla kukimbia. Alazwe chali, miguu iinuliwe, na wengi hupata nafuu katika dakika chache. Anayeanguka kabla ya kufika mwisho achukuliwe kuwa mgonjwa mahututi hadi ithibitike vinginevyo.

Asiyeitikia na asiyepumua sawasawa aanze kubonyezwa kifua papo hapo, na mashine ya kushtua moyo iletwe. Aliyechanganyikiwa apimwe mambo matatu: sukari, joto la mwili, na sodiamu inapowezekana. Joto lipimwe kwa njia ya haja kubwa, kwa kuwa kipimo cha kwapani hudanganya. Likiwa zaidi ya nyuzi 40 pamoja na kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto: apozwe kwanza, kwa kuzamishwa katika maji baridi au kumwagiwa maji na barafu mfululizo, ndipo asafirishwe. Na chupa ya maji ya mshipa isiwe jibu la kwanza kwa kila aliyelegea. Kwa mwenye sodiamu pungufu na dalili za ubongo, maji ya chumvi ya kawaida yanaweza kuongeza madhara, naye huhitaji chumvi ya asilimia 3, mililita 100 kwa awamu.

Kujua pa kusimamia

Hakuna Mtanzania anayezungumzia kumaliza mbio bila kumkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka akaumia goti, akaendelea, na akaingia uwanjani kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Heshima aliyoipata ni halali yake. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa, kijana aliyefunzwa, aliyefanya uamuzi wake katika mashindano makubwa kuliko yote. Mwalimu wa miaka 52 anayebanwa kifua katika kilomita ya 17 hatumikii taifa lolote kwa kuendelea. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, mapigo yanayoruka, kuacha kutoka jasho huku mwili ukiwaka, au goti linalomlazimisha kuchechemea ni amri ya kusimama. Mbio nyingine zitakuja.

Jambo hilo linafaa kusemwa kliniki, mapema, kabla ya nishani na picha kuanza kumvuta. Mhudumu anaweza kuliandika katika kadi ya mgonjwa kwa mistari michache: shinikizo la leo, wiki 16, siku tatu au nne kwa wiki, mwendo wa kuzungumza, dawa ziendelee, dalili za kusimama, tarehe ya kurudi. Kuandika huko hakuchukui dakika tano.

Ikiwa yote yamekwenda vyema, mwalimu yule atafika uwanjani karibu na saa ya tatu ya mbio, washindi wakiwa wamekwisha kuoga. Atakuwa akizungumza na mwenzake wa kando. Baada ya kuvuka mstari hataketi mara moja. Ataendelea kutembea dakika kumi, atakunywa kiasi cha kiu yake, atakula ndizi, atabadilisha nguo zilizolowa. Wiki inayofuata atarudi kliniki kwa tarehe aliyopangiwa, atavishwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu, na muuguzi ataiandika namba mpya chini ya zile za miezi minne iliyopita.